Vipaka vya Mtaroni

Mwaka wetu wa kwanza chuoni tuliokota vipaka vitatu mtaroni, nyuma ya bweni. Tulivinywesha maziwa ya ng'ombe. Usiku huohuo vikaanza kuharisha, kwani tumbo la paka mara nyingi haliyamudu maziwa hayo. Kwa agizo la daktari wa mifugo tuliyaacha, tukavifunika blanketi, tukavidondoshea maji ya chumvi na sukari, tone kwa tone.

Alfajiri ya pili mwenzetu mmoja alisema, “Kimoja kimekufa.” Yule aliyekesha akikidondoshea maji akajibu, “Amekufa.” Tulikwisha kufundishwa upatanisho wa nomino za udogo, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Wawili waliobaki walipona, wakahamia jikoni, juu ya magunia ya maharage.