Mlima upewe jina la mwimbaji?



 Tumeombwa kueleza juu ya majadiliano ya wafinalisti, kwa sababu walimu wawili walilalamika kwamba kelele ilisikilika mpaka kwenye nyumba zao. Kelele ilikuwako kweli. Lakini ilikuwa kelele ya mawazo, na inafaa kila mtu ajue ilitoka wapi.

Ilianzia katika somo la jeografia. Mwalimu alitueleza juu ya mlima mmoja wa Marekani, katika jimbo la Colorado, unaoitwa Sopris. Uko na vilele viwili vinavyolingana kwa urefu, karibu mita 3 950. Mwaka 2011 saini zilianza kukusanywa kusudi kilele cha mashariki kiitwe John Denver, jina la mwimbaji aliyekaa katika milima ile na kuiimbia. Wimbo wake «Rocky Mountain High», wa mwaka 1972, ulipokelewa mwaka 2007 kuwa mmoja wa nyimbo mbili rasmi za Colorado. Yeye alikufa tarehe 12 Oktoba 1997, wakati ndege ndogo aliyokuwa anaiendesha ilianguka baharini huko California. (Mwenzetu mmoja, ambaye anajua tarehe za wanamuziki kuliko tarehe za historia, akasema palepale kwamba Franco Luambo naye alikufa tarehe 12 Oktoba, mwaka 1989. Ni kweli.)

Serikali ya Marekani iko na tume ya majina ya milima na mito. Tume hiyo iko na sheria moja iliyotupendeza sana: mtu hawezi kupewa mlima mpaka miaka 5 ipite tangu kufa kwake, ili machozi yakauke kwanza na watu wafikiri vizuri. John Denver alikuwa ameisha kupita ile miaka. Lakini wakaaji wengi wa karibu na mlima walikataa. Tena mlima uko ndani ya pori linalolindwa, na tume haipendi kuongeza majina mapya mahali pa namna hiyo. Jina halikuingia kwenye karte.

Basi mwalimu akatuuliza: ninyi mungesema nini? Akatupa Jumamosi moja, pande mbili, upande wa ndiyo na upande wa hapana. Sisi kama kapita wa shule tulipewa kengele na saa.

Upande wa ndiyo ulianza kwa nguvu. Walisema: huyu Sopris alikuwa nani? Kapiteni aliyepita pale mwaka 1860 pamoja na watu waliotafuta dhahabu. Kabla yake Wa-Ute walikaa katika nchi ile na kuwinda humo, na hakuna aliyewauliza. Kama mtafuta dhahabu anaweza kupewa mlima mzima, mwimbaji anyimwe nusu yake kwa sababu gani? Mwimbaji alau aliupenda.

Upande wa hapana ukajibu kwa kitu ambacho hatukukitazamia. John Denver hakuzaliwa na jina hilo. Aliitwa Henry John Deutschendorf, na alichukua jina Denver kutoka mji mkubwa wa Colorado. Na mji wenyewe ulipata jina lake mwaka 1858 kutoka kwa gavana mmoja wa Kansas aliyeitwa Denver. Kwa hiyo jina lilitoka kwa gavana likaenda kwa mji, likatoka kwa mji likaenda kwa mwimbaji, na sasa linataka kupanda mlimani. «Hii jina inatembea kuliko mchuuzi wa mafuta,» akasema, na watu wakacheka kiasi cha kumaliza dakika zake mbili.

Kisha Biblia ikaingia, kwani kwetu haikosi. Mtoto wa mchungaji alikumbusha habari za Absalomu, ambaye alijisimamishia nguzo na kuiita kwa jina lake, juu hakuwa na mtoto wa kulitunza jina. Wote tunajua Absalomu aliishia wapi. Upande wa ndiyo ukamrudishia Daudi: alikuwa mpigaji wa kinubi, na ngome ya Sayuni juu ya kilima iliitwa Mji wa Daudi. Muko munasema nini sasa? Tuliona mtoto wa mchungaji akijikuna kichwa. Halafu akasimama tena: Daudi alipata kile kilima kama mfalme aliyekiteka, hakukipata juu ya kinubi. Na kwetu, akasema, hatubatizi mtu ambaye hajajibu mwenyewe; mlima utajibu nini?

Kwa maoni yetu hapo alishinda, lakini kazi yetu ilikuwa kengele tu.

Mabishano yakahamia kwetu Kongo. Mtu wa kwanza kutajwa alikuwa Franco, bila shaka. Kinshasa iko na njia yenye jina la Luambo Makiadi na sanamu yake vilevile, na hakuna aliyeona ubaya. Njia ni kazi ya watu, ilijengwa na watu, wanaweza kuiita wanavyotaka.  Wengine wakasema Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na gita lake moja. Tukaanza kugawa milima kama mikate. Ndipo mwalimu aliandika ubaoni majina ya vikundi sita vya vilele vya Ruwenzori: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, Luigi di Savoia. Hakusema neno. Halafu akaongeza Margherita, mita 5 109, kilele kirefu kuliko vyote katika nchi yetu. Ni jina la malkia wa Italia, ambalo kililetwa mwaka 1906 na mtu mmoja wa ukoo wa kifalme wa nchi ile, yule aliyekipanda. Malkia mwenyewe hakufika.

Chumba kikanyamaza.

Upande wa ndiyo ukasema: basi tubadilishe, tuweke wetu. Lakini mwingine akakumbusha kwamba hilo limeisha kujaribiwa. Katika miaka ya 1970 Ziwa Albert liliitwa Mobutu Sese Seko, na Ziwa Edouard liliitwa Idi Amin. Wakuu hao walipoondoka, majina yao yakaondoka nao, na yale ya Wazungu yakarudi kwenye karte kama mbuzi aliyekata kamba.

Hapo dada mmoja anayetoka chini ya mlima, upande wa Beni, akaomba neno. Si mtu wa kusema mingi. Alisema: «Ile mulima iko na jina yake. Nyanya yangu anaiita Rwenzururu, juu nzururu ni ile barafu nyeupe yenye kuwa kule juu. Hajasikia hata siku moja Margherita. Munataka kuibatiza mara ngapi?» Kijana mmoja akamuuliza: barafu inapunguka kila mwaka, ikiisha jina litakuwa la bure? Akajibu kwamba ikiisha, ndipo jina litakuwa na kazi, kwa sababu watoto watauliza kwa nini linaitwa hivyo.

Tunapenda kusema jambo moja hapa, ambalo halikusemwa siku ile. Sisi ndio tunaokusanya fishi za wenzetu kwa ajili ya mtihani wa taifa. Kuna mstari wa mahali pa kuzaliwa. Tangu 2014 watu wengi wa eneo la Beni wamekimbia vijiji vyao, na baadhi ya wenzetu ni watoto wao. Kwenye mstari ule wengine waliambiwa waandike tu mji mkubwa, ndiyo rahisi. Walikataa. Mmoja alirudisha fishi mara mbili kwa sababu ya herufi moja katika jina la kijiji ambacho nyumba zake ziliungua. Tulimwona ni msumbufu, tena mashini ya kuandika ilikuwa inangojewa. Lakini alipoondoka tulilisoma lile jina pole pole. Ni jina la kijito na mti. Mtu aliyelitoa alikuwa amesimama pale, ameviona.

John Denver naye aliona milima yake, hilo hatumnyimi. Aliweka aliyoyaona katika wimbo, na wimbo unasikilika hata hapa kwetu, pahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kusikia Sopris. Mlima ungemwongezea nini?

Kura ilipigwa kwa mikono. Wa hapana walizidi, na sisi tulikuwa kati yao, ingawa kapita hapashwi kuonyesha mkono wake mbele ya wengine. Walioshindwa walitoka wakiimba Franco kwa sauti ya juu, na hiyo ndiyo kelele ambayo walimu wawili waliisikia.

Sasa jambo la kazi. Mwalimu wa jeografia ametupa karte kubwa ya sehemu yetu, yenye mito na vilima vingi visivyoandikwa jina. Imebandikwa ukutani katika darasa la mwaka wa sita. Kila mwanafunzi ambaye mzee wake anajua jina la kilima, kijito au bonde, aje aliandike mahali pake, pamoja na maana kama inajulikana. Mambo haya yafanyike mbele ya mtihani, kwa sababu baadaye hatutakuwapo. Penseli imefungwa kwa kamba, juu penseli za shule hii zinapotea.