Mwaka wa Kijiti

Msomaji, pengine umepata kuwasikia watu wazima wakisema kwamba mbio ni kazi ya miguu tu, na kwamba kijana mwenye mapafu mazuri hana haja ya kufundishwa kukimbia. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu nitakueleza, ingawa mimi mwenyewe sikupata kuwa mkimbiaji. Mwaka 2008 nilikuwa Kidato cha Tatu katika shule moja ya wavulana ya Kikatoliki karibu na mji wa Nakuru, na kazi yangu uwanjani ilikuwa kushika saa na kuandika nyakati katika daftari la jalada la buluu. Daftari hilo ninalo hata leo. Kurasa zake za mwezi wa Januari hazina kitu.

Sababu ya kurasa hizo kuwa tupu waijua, au umesimuliwa na wazazi wako. Uchaguzi Mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yalipotangazwa siku tatu baadaye nchi yetu ilishikwa na moto. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Nakuru ilitulia kwa majuma machache ya mwanzo, hata wengi wetu tukadhani tumeepushwa. Lakini mwishoni mwa Januari machafuko yakaingia mjini, ikatolewa amri ya watu kutotoka nje usiku, na wanajeshi wakaonekana njiani. Nilipokuwa nikirudi shuleni baada ya siku hizo, gari letu lilipita kando ya Uwanja wa Afraha, mahali ambapo nilikuwa nimezoea kutazama mpira pamoja na baba. Humo mlikuwa na watu waliokimbia makwao, pamoja na magodoro, masufuria na watoto wao. Katika Uwanja wa Maonyesho walikuwa wengi zaidi.

Shule yetu ilikuwa na desturi ya kuanza mwaka kwa riadha. Kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, kengele iligongwa, nasi tulikimbia mchakamchaka kuzunguka mashamba ya shule kabla ya Misa. Umande wa Nakuru hauna huruma. Mji upo kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na upepo unaoshuka kutoka Menengai hupenya sweta kama sindano. Jioni tulifanya mazoezi uwanjani, ambako mistari ilichorwa kwa chokaa, na chokaa ilipokwisha, kwa majivu ya jikoni. Mwezi wa Machi mabweni yalishindana, na kutoka katika mashindano hayo timu ya shule ilichaguliwa.

Fahari yetu ilikuwa mbio za kupokezana kijiti, wakimbiaji wanne, kila mmoja mita 400. Mwaka uliotangulia timu yetu ilikuwa na vijana wanne wa kidato changu, na wote walikuwa na mwaka mmoja na zaidi mbele yao. Wa kwanza alitoka Nyahururu. Wa pili alitoka Marigat, kule chini Baringo kwenye joto na miiba. Nakutajia hilo kwa makusudi, kwa maana wako wanaosema kuwa kila mkimbiaji wa Bonde la Ufa ni mtu wa milima. Wa tatu alitoka Molo. Wa nne, aliyekuwa na kasi kuliko wote, alizaliwa hapa hapa Nakuru, katika mtaa wa Kaptembwo, lakini wazee wake asili yao ni Kisumu. Shule ilipofunguliwa watatu walirudi. Wa nne hakuonekana, na tuliambiwa kuwa jamaa yake yote ilipanda lori usiku ikaenda Kisumu na mizigo iliyoweza kubebwa.

Yule wa Molo alirudi, lakini nyumba yao ilikuwa imechomwa, na mama yake na nduguze walikuwa wakilala katika hema pale Uwanja wa Maonyesho. Alikuja na sare yake aliyovaa mwilini, na viatu vya mtu mwingine. Hakuna aliyemshitaki kijana wa Marigat kwa lolote. Wakati nyumba ile ilipoungua yeye alikuwa kwao akichunga mbuzi, umbali wa safari ya siku nzima. Lakini siku zile, msomaji, jina la mtu lilitosha kuwa hatia. Wawili hawa walikuwa wamekaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Sasa mmoja alihamia nyuma ya darasa, na mwingine hakumwuliza kwa nini.

Hapa sina budi kukueleza jinsi mbio hizi zinavyokwenda, maana bila hivyo hutaelewa shida tuliyokuwa nayo. Kijiti, kwa kanuni, ni bomba laini lenye urefu wa sentimita 28 hadi 30, na uzito usiopungua gramu 50. Chetu kilikuwa kipande cha mpini wa ufagio, kilichokatwa na seremala wa shule na kusuguliwa kwa msasa. Hupokelewa ndani ya eneo la mita 20, si kabla wala si baada. Katika mbio fupi za mita 100 kwa kila mtu, anayepokea huanza kukimbia bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma, na mwenziwe humtia kijiti kiganjani. Katika mbio za mita 400 haifanyiki hivyo. Mtu anayemaliza mita 400 amechoka kabisa. Miguu imekuwa mizito, macho yameingia ukungu, na pengine hajui tena mstari uko wapi. Kwa hiyo wajibu wote ni wa yule anayengoja. Lazima ageuke, amtazame mwenziwe anavyokuja, apime kwa jicho nguvu zilizombakia, kisha aanze kukimbia kwa mwendo ambao mchovu yule ataweza kuufikia. Asipomtazama, kijiti huanguka.

Wa pili alikuwa wa Marigat, na wa tatu wa Molo. Kijiti kilianguka siku ya kwanza ya mazoezi, kikaanguka siku ya pili, na daftari langu laonyesha kwamba siku ya tatu kilianguka mara nne.

Mwalimu wetu wa michezo, aliyetufundisha pia hisabati, alikuwa mtu wa maneno machache. Nilisimama karibu naye kijana wa Molo alipomjia na kusema, "Mwalimu, niweke nafasi ya kwanza. Wa kwanza hapokei kwa mtu."

Mwalimu akamjibu, "Wa kwanza naye ana mtu wa kumpa. Utampa nani?"

Kijana alinyamaza. Mwalimu hakuwabadilisha nafasi, wala hakuwahubiria. Jumatano ya Majivu iliangukia mapema sana mwaka ule, tarehe 6 Februari, na kuanzia juma lile aliwakataza wanne hao kukimbia na kijiti. Aliwaamuru watembee. Kila jioni, wenzao walipokuwa wakiruka viunzi na kutupa tufe, wao walitembea kuzunguka uwanja mmoja nyuma ya mwingine, wakipeana kile kipande cha mpini, na anayepokea alipaswa kugeuka na kutaja jina la anayempa. Walitembea hivyo kwa majuma mawili. Wavulana wengine waliwacheka, wakasema Kwaresima imewafikia miguuni. Nafasi ya yule aliyekwenda Kisumu ilijazwa na mvulana mdogo wa Kidato cha Pili kutoka Gilgil, mwenye bidii nyingi na kasi kidogo.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku ule usemi kwamba mbio hazifundishwi. Mwalimu huyo alipenda kututajia habari za Shule ya Mtakatifu Patrick, Iten, ambayo pia ni ya wavulana na ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1961 na mabruda wa shirika la Patrician. Iten ipo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kiasi cha mita 2,400, na watu wengi hudhani hewa yake nyembamba ndiyo iliyoshinda mbio zote. Hewa hiyo ina sehemu yake, kwani mwili unaokaa mahali pa juu hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Lakini hewa ya Iten ilikuwako tangu zamani. Mwaka 1976 alifika huko Bruda Colm O'Connell kutoka Ayalandi, kufundisha jiografia. Hakuwa mkufunzi wa riadha. Alijifunza kazi hiyo kwa kuwatazama wavulana wakikimbia. Kutoka shule hiyo alitoka Ibrahim Hussein, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1987, na mwaka uliofuata akashinda ile ya Boston, akimtangulia Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja tu baada ya kilomita 42. Alitoka Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 21. Alitoka Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992, na Wilson Kipketer, aliyeivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997 akiikimbilia Denmark. Katika kiwanja cha shule hiyo mabingwa wamepanda miti, na nimeiona kwa macho yangu nilipokwisha kuwa mwalimu. Ni miti ya kawaida. Ng'ombe wakiachiwa wataila.

Turudi Nakuru. Tarehe 28 Februari mkataba wa amani ulitiwa sahihi jijini Nairobi, mbele ya Kofi Annan, na jioni ile tuliusikiliza kwa redio katika bwalo la chakula. Baadhi yetu tulipiga makofi. Kijana wa Molo aliuliza kama mkataba huo ulikuwa na mabati, na hakuna aliyepata jibu. Pasaka ilikuwa tarehe 23 Machi. Baada ya hapo timu ilikimbia tena na kijiti, nacho hakikuanguka, ingawa majina yalitajwa kwa sauti ya mtu anayelipa deni.

Mashindano na shule nyingine yalikuwa katika muhula wa pili, katika uwanja wa shule ya jirani. Timu zilikuwa nane. Kijana wa Nyahururu alitupatia nafasi ya tatu. Wa Marigat akaipandisha hadi ya pili, lakini alikuwa ameianza mbio kwa pupa, na alipoingia mita 50 za mwisho alianza kuyumba kama mlevi, akiacha njia yake. Nilikuwa na saa mkononi nami nilisahau kuitazama. Yule wa Molo alikuwa amekwisha kugeuka. Alimwita mwenziwe kwa jina, si lile la ukoo tulilolizoea darasani, bali lile la utotoni ambalo mtu huitwa na watu wa kwao, ambalo lazima aliambiwa zamani walipokuwa dawati moja. Akarudi hatua mbili nyuma, ndani ya eneo lililoruhusiwa, akakipokea kijiti akiwa karibu amesimama, kisha akaondoka.

Tulimaliza wa tatu, na timu mbili tu ndizo zilizoendelea. Yule mdogo wa Gilgil alipitwa karibu na mstari, akalia. Daftari lasema dakika 3 na sekunde 41, wakati usiomtisha mtu yeyote. Wale wawili hawakukumbatiana. Walikaa nyasini, mmoja huku na mwingine kule, na baada ya kitambo wa Marigat akanyanyuka akampelekea mwenziwe chupa ya maji iliyokuwa nusu. Siku iliyofuata walirudi dawati moja. Hawakutueleza chochote, nasi tulikuwa na adabu ya kutouliza.

Mwezi wa Julai shule nyingi za nchi hii zilikumbwa na migomo, mabweni yakachomwa. Yetu ilipita salama. Mwezi wa Agosti ilikuwa Olimpiki ya Beijing. Katika likizo hiyo mimi na baba tuliamka saa nane na nusu usiku, tarehe 24, tukaitazama marathoni kwenye televisheni ya jirani pamoja na watu wa mtaa mzima. Samuel Wanjiru, kijana wa Nyahururu, alikimbia katika joto kana kwamba hakuambiwa habari zake, akashinda kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki. Siku iliyotangulia Wilfred Bungei alikuwa ameshinda mita 800, na kabla yake Pamela Jelimo na Brimin Kipruto, wote wa Bonde la Ufa. Katika chumba kile walikuwamo watu waliokuwa hawajasalimiana tangu Januari, na kelele zao ziliwaamsha majirani. Kulipopambazuka walikwenda zao. Sitakudanganya kwamba mbio ziliwapatanisha. Nilichokiona ni kwamba walikaa chumba kimoja kwa saa mbili na zaidi kidogo.

Muhula wa tatu haukuwa na riadha, kwa kuwa Kidato cha Nne walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa taifa. Hata hivyo, Jumamosi moja ya Septemba, yule kijana aliyekwenda Kisumu alitokea langoni na sanduku lake, amekonda, na mjomba wake akimshika mkono kama mtoto. Ada yake ilikuwa imepatikana. Sikujua kutoka wapi. Baada ya chakula alinijia bwenini, akaomba alione daftari. Akapitisha kidole chini ya majina hadi alipofika kwenye nafasi yake ya nne, akasoma wakati wa yule mdogo wa Gilgil, akausoma tena.

"Sekunde 58," akasema. "Mlimpa huyu kijiti changu?"

Jumatatu alfajiri alikuwa wa kwanza kutoka bwenini.