Njia ya Great St Bernard Wakati wa Theluji

Katika milima ya Alps, mpakani mwa Uswisi na Italia, iko njia ya kale iitwayo Great St Bernard. Kimo chake ni mita 2,469 juu ya bahari. Yapata katikati ya karne ya 11 Bernard, shemasi mkuu wa Aosta, alijenga huko nyumba ya kupokelea wasafiri, nayo ingali ikiwapokea hata leo. Tangu mwaka 1964 magari hupita katika njia iliyochimbwa ndani ya mwamba. Barabara ya juu huzibwa na theluji wakati wote wa baridi. Basi atakaye kuifikia nyumba ile miezi hiyo hana budi kupanda kwa miguu yake.

Tulipanda mwezi wa Februari pamoja na kiongozi mwenyeji. Miguuni tulivaa ski, ndizo mbao mbili ndefu na nyembamba. Chini ya kila ubao hubandikwa kitambaa chenye manyoya yaliyolalia upande mmoja, hivi ubao huteleza kwenda mbele wala haurudi nyuma. Mwendo wenyewe si mrefu, lakini kabla ya kufika juu njia huingia katika bonde jembamba liitwalo kwa Kifaransa Combe des Morts, maana yake Bonde la Wafu.

Wasomaji wetu wengi hawajaona theluji ila kwa mbali, juu ya Kibo, na pengine hudhani kuwa ni kitu chepesi kisichoweza kumdhuru mtu. Lakini theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Nyingine zimeshikamana, nyingine ni punje tupu zisizoshikana. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili. Atwae ubao, anyunyize mtama juu yake, kisha aufunike kwa mchanga wenye unyevu na kuushindilia. Ainue ubao upande mmoja polepole. Kwanza hapana kitu; mara mchanga huanza kushuka kwa pamoja. Ndivyo lilivyo poromoko la theluji. Penye mteremko wa digrii 30 na zaidi, uzito wa mtu mmoja waweza kutosha kulianzisha. Nao wengi wanaofukiwa katika safari za namna hii, poromoko lilianzishwa na wao wenyewe au na wenzao. Afukiwaye akifukuliwa katika dakika 10 za kwanza, mara nyingi huishi. Baada ya hapo pumzi humwishia upesi. Kwa hiyo kila mmoja wetu alichukua beleshi, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na kidude cha redio cha kuwaongoza wenzake mahali alipofukiwa.

Huko Davos kuna chuo cha kuchunguza theluji, kitoacho taarifa ya hatari kila siku saa 11 jioni wakati wa baridi. Hatari hupimwa kwa daraja 5. Taarifa yetu ilitaja daraja ya 3. Wageni husema, "Ni ya katikati, si neno." Kumbe vifo vingi hutokea katika daraja hiyo hiyo.

Tulipokaribia bonde tuliona upepo umelundika theluji mpya juu ya kingo zake. Vijana wawili wa kundi letu walitaka tupite mteremko wa juu, tulikwepe bonde. Kiongozi akawaonyesha kwa fimbo yake watu wanne waliokuwa wakipanda chini kabisa, wadogo kama siafu. Akasema, "Wanangu, tukiivunja theluji hapa, itawaangukia wale. Wao hawatuoni, wala hawakutuomba tuwachagulie kifo." Kisha akageuka, nasi tukamfuata kurudi, ingawa nyumba ilikuwa karibu.

Katika kushuka tulifuata nyayo zetu za asubuhi, mbali na ukingo wa msitu. Hapo ndege wa jamii ya kwale hujichimbia mashimo katika theluji wapate joto, na mbuzi wa mwitu husimama kimya, wakiishi kwa mafuta ya mwili waliyoyapata wakati wa joto. Wakishtushwa hukimbia katika theluji nene, na nguvu wanazopoteza haziwezi kurudishwa kwa majani ambayo hayapo. Mahali pengine pamewekewa alama, ni marufuku kuingia.

Siku ya tatu taarifa ilishuka hadi daraja ya 2. Tulivuka bonde mmoja mmoja, wengine wakisimama mahali salama na kumtazama anayevuka. Hapakuwa na maneno mengi. Adhuhuri tulifika, tukapewa chai ya moto.

Wazazi na walimu wanaoongoza watoto wataona wenyewe faida ya habari hii. Atanguliaye juu ya mlima hukata njia kwa ajili ya wote: walio nyuma yake, walio chini yake asiowajua, hata na wanyama wasio na sauti. Kurudi nyuma kwa ajili yao si woga.