Daftari la Kiingereza (Mama na Mtoto wa Sekondari, Sehemu ya 6)

Sehemu iliyopita tuliongea kuhusu usingizi wa watoto wa sekondari. Leo nataka kuongelea kitu ambacho mtashangaa nesi kinamhusu nini: daftari la Kiingereza. Sio la Baiolojia jamani, la Kiingereza. Wanaohusika wameniruhusu niandike mradi nisiwataje, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili wasitambulike.

Kwanza twende sawa kuhusu shule zetu. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, mara nyingi amefundishwa karibu kila kitu kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza mambo yanageuka: Jiografia, Hisabati, vyote Kiingereza. Na kwenye kipindi cha Kiingereza chenyewe anafundishwa kuandika barua, kujaza fomu na kutunga insha, na insha nyingi zinamtaka ajieleze yeye mwenyewe. Familia yangu. Siku nisiyoisahau. Kitu ninachokiogopa. Sisi wazazi tunaona ni zoezi la lugha tu. Tunafungua daftari, tunatafuta alama, tunakuta 9 kwa 20, tunauliza "hii tisa ndiyo nini?" Basi, daftari linafungwa.

Lakini hebu fikiria. Mtoto wa miaka 14 au 15 amepewa ukurasa mweupe akaambiwa andika kuhusu wewe. Ni wapi kwingine anaulizwa hivyo? Nyumbani tunamuuliza umekula, umefua, umesoma. Swali la "wewe unaendeleaje ndani yako" wengi wetu hatujui hata tulianzeje, maana na sisi hatukuulizwa.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Mama huyu anauza vitumbua asubuhi karibu na stendi. Alikuja kwetu na binti yake wa kidato cha pili. "Nesi, huyu mtoto tumbo. Kila mwezi tumbo. Siku mbili tatu haendi shule, na huu ndio mwaka wa upimaji." Wenye watoto wa kidato cha pili mnanielewa: ule upimaji wa kitaifa, asiyefikia kiwango anarudia darasa. Mama alishampa dawa ya minyoo, alishampima malaria mara mbili, alishanunua hadi dawa ya vidonda vya tumbo dukani. Binti kimya, amekumbatia begi lake. Kila nikimuuliza yeye, mama ndiye anajibu.

Kwa umri huu, kwenye huduma rafiki kwa vijana, tunapenda kuzungumza na kijana peke yake kidogo. Nikamwomba mama akae kwenye benchi la nje. Binti bado kimya. Linauma wapi? Anaonyesha kwa kidole. Linaanza lini? Anainua mabega. Nikaachana na tumbo, nikamuuliza shuleni anapenda somo gani.

"Kiingereza."

"Kwa nini Kiingereza?"

"Mwalimu anatuambia tuandike mambo yetu."

Nikamuuliza karibuni ameandika nini. Akatazama mlango, akafungua begi, akatoa daftari, akalifungua kwenye ukurasa anaoutaka yeye, akanipa.

Insha ilikuwa ya siku asiyoisahau. Ukurasa mmoja na nusu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini habari ilisomeka yote. Aliandika kwamba siku moja alisimama darasani kujibu swali, wavulana wa nyuma wakacheka, ndipo akajua sketi imechafuka. Kwamba anatumia vipande vya kitenge cha zamani, na ikifika saa sita mchana vinakuwa vimelowa, na choo cha shule hakina maji wala mlango wa kufunga. Kwamba tangu hapo, siku zake zikifika, anasema tumbo. Tumbo linauma kweli, aliandika, ila silo linalomzuia kwenda shule. Na mwishoni aliandika jambo ambalo sijalisahau mpaka leo: pakiti ya pedi ni kama kilo ya mchele wa vitumbua, mama akiitoa hiyo hela kesho yake mtaji umepungua, kwa hiyo yeye ameona heri abaki nyumbani.

Mtoto wa kidato cha pili, jamani. Ameshapiga hesabu ya biashara ya mama yake, akaona kinachoweza kupunguzwa ni siku zake za shule.

Kalamu nyekundu ilikuwa imepita kote: hapa amekosea wakati uliopita, pale ameruka herufi. Chini, 11 kwa 20, na neno la kumtaka aangalie vitenzi vyake. Tafadhali tusimseme mwalimu. Ana rundo la madaftari ya darasa zima, na kazi aliyopewa ni kusahihisha lugha. Tena ni yeye aliyewapa swali lile. Bila swali lake, mimi na mama tungekuwa bado tunatafuta minyoo.

Nikamuuliza binti, "Mama anajua haya?"

"Hasomi Kiingereza."

"Ungependa ajue?"

Akakaa kimya kirefu. Nikamwambia daftari ni lako, na ulichoandika humu simwambii mtu bila wewe kukubali. Kuna mambo machache tu ambayo nisingeweza kukaa nayo, kwa mfano kama kuna mtu anakuumiza. Nikamuuliza kama yapo hayo, akasema hapana. Halafu akasema, "Nitamsomea mwenyewe."

Mama akaitwa. Binti akawa anasoma sentensi moja ya Kiingereza, kisha anaieleza kwa Kiswahili. Mwanzoni sauti ilikuwa ya darasani kabisa, kama anasoma mbele ya wenzake. Alipofika kwenye mchele, Kiingereza alikisoma vizuri, Kiswahili kikamshinda. Mama yake akauliza taratibu, "Amesema mchele?" Mimi sikujibu. Binti akaitikia kwa kichwa. Mama akashika ncha ya kanga yake, akawa anaikunja na kuikunjua, mwisho akamuuliza, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Kwa Kiswahili nisingeweza, mama. Ningelia kabla sijamaliza."

Hapo ndipo nilipo tangu siku ile, na ndiyo sababu ya andiko hili. Tumezoea kusema Kiingereza ni mzigo kwa watoto wetu, na kweli wengi kinawalemea. Lakini kwa baadhi yao kinakuwa kama pazia. Wataalamu wanaochunguza watu wa lugha mbili wamelieleza hili: maneno ya lugha tuliyokulia huwa na uzito zaidi moyoni, kwa sababu tuliyapata pamoja na mapenzi, karipio na aibu. Maneno ya lugha ya darasani mara nyingi huwa mepesi zaidi. Angalia neno hedhi. Kwa Kiswahili, binti huyu amelisikia kwa kunong'onezwa, au limefungamana na onyo la "sasa umekua, ole wako." Kwa Kiingereza amelikuta kwenye kitabu cha Baiolojia, limeandikwa ubaoni mchana kweupe. Unadhani atalisema kwa lugha ipi kwanza?

Na kuandika kwenyewe kuna kazi yake. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu. Waliwaomba waandike dakika 15 kila siku, kwa siku 4. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu, wengine waliandika kuhusu jambo zito lililowahi kuwapata. Walioandika jambo zito pamoja na walivyojisikia, mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefuata baada ya hapo, na kwa jumla zinaonyesha faida ipo ila ni ndogo, tena haimfikii kila mtu. Kwa hiyo sisemi daftari ni dawa. Binti yetu aliandika vizuri kabisa, na mwezi uliofuata alibaki nyumbani vilevile. Kilichobadilisha mambo ni kwamba kuna watu waliisoma habari yake wakaijibu.

Tulijibu hivi. Maumivu ya siku ya kwanza na ya pili ya hedhi yanatokana na kemikali zinazoitwa prostaglandini, zinazofanya mji wa mimba ujikaze. Siyo deko. Dawa kama ibuprofeni husaidia, anaimeza akiwa amekula, mapema maumivu yanapoanza, kwa kipimo alichoelekezwa na mhudumu. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au tatizo la figo aseme kwanza kabla hajapewa. Kitambaa cha moto juu ya tumbo nacho kinasaidia. Kuhusu pedi, mama alishona nne za kufua kwa kitambaa cha pamba na taulo. Zinafuliwa kwa maji baridi na sabuni, zinaanikwa juani zikauke kabisa, wala hazifichwi chini ya godoro zikiwa mbichi. Kwa siku za shule wamekubaliana kununua pakiti moja. Na kama binti yako damu inajaza pedi ndani ya saa moja au mbili, au inapita siku 7, au ana homa na uchafu wenye harufu mbaya, mlete kituoni. Usingoje.

Sasa mtaniuliza, mimi mama nifanye nini na hilo daftari? Nisikilizeni.

Moja, usianze na alama. Anza na "uliandika nini hapa?" Alama zitakuwepo tu, hazikimbii.

Mbili, kama hujui Kiingereza, hapo ndipo una bahati. Mwambie "nisomee, halafu nieleze." Anayetafsiri anatulia, anatafuta neno, anaongea nawe bila kukutazama usoni. Watoto wa umri huu wanaongea vizuri zaidi mkiwa mnachambua mchele au mnamenya viazi kuliko mkiwekwa ana kwa ana kama mahakamani. Na Kiingereza chake kinanufaika vilevile.

Tatu, akikataa, usipekue. Ukilisoma kwa siri leo, kesho ataandika uongo, na utakuwa umefunga dirisha moja alilokuwa nalo. Mwambie tu "ukitaka siku moja kunisomea, nipo."

Nne, alichokusomea kisitoke. Usimsimulie shangazi, wala usikirushe siku mnagombana: "ndiyo maana uliandika vile!" Akisikia hivyo mara moja, hutasomewa tena.

Tano, kuna maneno ambayo ukiyakuta au ukisomewa, husubiri. Mtoto ameandika anatamani kufa, au anataka kujiumiza. Ameandika kuna mtu anampiga, anamgusa, anampa zawadi na kumwambia asiseme. Hapo usimfokee, wala usimwambie "unatunga." Mwambie umemwamini, kaa naye, halafu nenda kituo cha afya, kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu 116 ni ya huduma kwa mtoto, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Na mama wa wavulana msipite haraka mkidhani hii haiwahusu. Kijana wa kiume akiambiwa aandike kitu anachokiogopa, anaandika pia. Tofauti ni kwamba wa kiume hata tumbo hasemi.

Walimu mnaonisoma, nawaombeni kitu kidogo. Najua madarasa yamejaa. Lakini mtoto akiandika jambo kama lile, hata mstari mmoja chini ya alama, "nimesoma, njoo tuongee", unamfikia. Kosa la kitenzi lisahihishwe, hiyo ndiyo kazi. Ila ajue kuna mtu ameiona na habari yenyewe.

Binti yetu anaendelea. Mwezi huu amekosa shule siku moja, ile ya kwanza, kwa maumivu. Mama ameongea na mwalimu wa malezi kuhusu choo, na wazazi wengine wawili wamejiunga naye kudai mlango na ndoo ya maji. Mlango umewekwa. Maji bado. Insha yake ya mwisho amepata 12 kwa 20, na nasikia safari hii mama aliuliza kwanza inahusu nini.

Sehemu ya 7 tutaongea kuhusu chakula cha binti aliyeanza hedhi, damu isipungue, kwa vitu vya sokoni tu. Kama una swali ambalo unaona aibu kuliuliza mbele za watu, niandikie pembeni, kwa lugha yoyote unayoona inakurahisishia.