Kiinjini changu na ng'ombe wa mahari

Jioni vijana wenzangu wa Musoma wako kijiweni, wengine wanabishana mpira, wengine wanahesabu wapita njia. Mimi ugonjwa wangu ni mwingine: natengeneza injini. Si ya gari wala ya mtumbwi. Ni kiinjini cha petroli cha kuweka mezani, pistoni yake upana wa milimita 25 tu, na hakisukumi kitu. Eti kazi yake nini? Kuwaka. Basi.

Usicheke kwanza, msomaji. Vyuma vyake nilivinunua chakavu Bunda, kwa kilo. Pistoni ilitokana na pistoni kuukuu za bodaboda zilizoyeyushwa. Silinda ilikerezwa na fundi mmoja hapa mjini, ambaye kila nikimpelekea mchoro aliniuliza nani ananituma.

Utaratibu wake ni ule ule wa Mjerumani Nikolaus Otto, aliyeunda injini yake mwaka 1876. Pistoni inashuka, inavuta hewa na petroli. Inapanda, inabana. Plagi inatoa cheche, moto unaisukuma chini. Inapanda tena, inatoa moshi. Hapo krenki imezunguka mara mbili na moto umewaka mara moja, ndiyo maana gia ya krenki ina meno 20 na ile ya kufungulia valvu ya moshi ina 40.

Sasa utamu uko hapa. Katika viharusi vinne, kimoja tu ndicho kinachofanya kazi. Vitatu vinakula nguvu, vinabebwa na gurudumu zito la pembeni. Lakini hebu viondoe, uone kama hicho kimoja utakipata!

Kasheshe ilikuwa hela. Kwetu Mara mahari ni ng'ombe, si bahasha. Mchumba yupo, wazee wa kwao wameshataja idadi, na msimamizi wangu ni mjomba wa Butiama. Zikamfikia habari kuwa mpwa wake ananunua vyuma. Akaniita. Nikapanda basi mpaka Makutano, nikachepuka Butiama, kiinjini ndani ya kikapu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hicho kitu kinakamuliwa?"

"Hapana, mjomba."

"Kinazaa?"

Nikamkumbusha kuwa Mwalimu Nyerere alizaliwa hapo hapo Butiama, na ni enzi zake mradi wa Nyumbu ulipoanzishwa kule Kibaha, ukaunda lori la hapa hapa nchini.

"Lori lina bodi," akajibu. "Hicho kinabeba nini?"

Nikakiweka uani, maana moshi wa injini ndani ya nyumba unaua. Nikazungusha gurudumu. Pu! Kimya. Pu-pu-pu-pu, kikashika! Watoto wakajaa. Mjomba hakusifu. Aliuliza tu kinakunywa mafuta kiasi gani, halafu akaingia stoo akatoka na pampu yake ya kumwagilia bustani. Ilikuwa imelala misimu miwili. Fundi alishabadilisha plagi, akabadilisha na kabureta, hela imeliwa, pampu ngoma ile ile.

Nikavuta kamba. Laini mno, na kwenye bomba la moshi nikasikia "psss". Ugonjwa huo ulinitesa mezani kwangu siku 11, naujua kwa sauti. Nikafungua kichwa cha silinda, nikakigeuza, nikamimina mafuta ya taa. Yakavuja kwenye valvu ya moshi. Haikai vizuri, basi moto haupati mbano. Nikaisaga taratibu kwa dawa ya kusagia valvu mpaka mafuta ya taa yakasimama. Kufikia magharibi maji yalikuwa kwenye mchicha.

Usiku tukiwa kwenye ugali, mjomba akauliza: "Ng'ombe waliobaki wangapi?"

"Wanne."

"Mtamba mmoja ni wangu." Akaendelea kula.

Wewe msomaji unayechekwa kwa redio unazofungua au gitaa unalojifunza, usiombe radhi. Anayekucheka amekukuta kwenye kile kiharusi cha kuvuta, anadhani umekaa bure.

Kiinjini chenyewe bado hakisukumi kitu. Jumamosi naanza cha silinda mbili. Mchumba hana neno, ila ameshasema hicho kitalala nje.