Si Kila Kitu ni Mtindio

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imeninyima usingizi. Unasema mtoto anapaliwa kila akilishwa uji, na hapo nyumbani mmeshakubaliana kuwa ndivyo walivyo wenye mtindio wa ubongo. Hapana, mwanangu.

Mtindio hutokana na jeraha la ubongo lililompata mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au akiwa bado mchanga. Jeraha hilo haliendelei kukua. Kwa hiyo mtoto akizidiwa ghafla, au akipoteza alichokwisha kukiweza, kuna jingine lililoingia, na huenda lina tiba. Mpeleke achunguzwe.

Uji unaopita njia ya hewa huingia mapafuni ukaleta nimonia. Usimlishe akiwa chali. Mpakate akae wima, kichwa kisilale nyuma, umpe kijiko kidogo kidogo na umngoje ameze. Ukiona homa, anahema mbiombio, mbavu zinabonyea, msingoje kukuche.

Kuhusu degedege: likimshika, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali. Huku kwetu pwani wapo wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa, basi humfukiza kwanza. Wazee wetu nawaheshimu, ila katika hili siwafuati: degedege refu huweza kuudhuru ubongo, na moshi haulizuii. Na dawa zake za degedege usizikatishe ghafla, hata kama amekaa miezi bila kushikwa. Zikikaribia kwisha, fuata nyingine mapema.

Kuna na nyonga, ambazo wengi huzisahau. Akilia unapompanua miguu kumbadilisha nepi, au mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwenzake, omba apigwe picha. Misuli iliyokaza huweza kuuvuta mfupa polepole hadi ukachomoka mahali pake, naye hana maneno ya kukwambia panapouma. Kilio usichokizoea ndiyo kauli yake.

Mhudumu akikwambia, “Si ana mtindio huyu?” mjibu kwa adabu, “Ndiyo, lakini wiki iliyopita hakuwa hivi.” Usiondoke mpaka amemsikiliza kifua na kumpima uzito. Wewe ndiye unayemjua.

Nauli nimeshakutumia. Kesho asubuhi mpeleke, na neno la kwanza uwaambie kwamba anapaliwa.

Shangazi yako