Kutoka Mlimani hadi Kipawa

Juni 1986 shilingi ilishushwa thamani. Dola moja ikapanda kutoka kama shilingi 17 hadi 40. Wengi wanaukumbuka mwaka ule kwa bei ya unga na khanga. Mimi naukumbuka kwa bei ya kloroformu. Nilikuwa nimeanza uzamivu wa kemia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, nikichambua mizizi na magome ya miti ya msitu wa Pugu kutafuta kiini cha kuua vimelea vya malaria. Klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa kwa baadhi ya wagonjwa, na waganga wa pwani walikuwa wakiitumia mizizi ile tangu enzi za mababu. Ilikuwa kazi ya maana, na hadi leo sina shaka juu ya hilo.

Lakini kloroformu, poda ya silika, hata karatasi za kuchujia, vyote vilitoka nje na vilitaka fedha za kigeni. Sampuli za kupimwa muundo tulizipeleka Ulaya, tukakaa miezi tukingoja majibu. Posho haikufika mwisho wa mwezi, na nyumbani wadogo zangu walikuwa wakinitegemea kwa ada. Baadhi ya walimu wetu walikuwa wanafuga kuku ili waishi.

Basi nililopanda kwenda msituni Pugu lilipita Kipawa, kwenye viwanda vya karibu na uwanja wa ndege. Siku hizo barabara ile tuliiita ya Pugu, ilikuwa bado haijaitwa Nyerere. Mwaka 1988 niliacha utafiti, nikashuka pale na kuomba kazi katika kiwanda cha sabuni.

Maabara yake ilikuwa chumba kimoja chenye mizani, bureti na dirisha lililojaa vumbi. Nilichokiona kwanza ni mikono ya akina mama waliokata na kufunga miche ya sabuni: vidole vimebabuka. Wiki nyingine sabuni ilikuwa laini, wiki nyingine inaunguza. Msimamizi wa zamu aliamini kostiki soda iliyoletwa ni mbovu.

Kostiki haikuwa na tatizo. Gramu moja ya mafuta ya nazi huhitaji miligramu 250 hivi za potashi ili igeuke sabuni. Ya mawese hutosheka na 200 hivi. Kostiki nayo hufuata uwiano huohuo. Nazi ilipoadimika, waliongeza mawese, na kipimo cha kostiki kikabaki kilekile. Iliyozidi haikuwa na mafuta ya kuungana nayo, ikabaki ndani ya mche, ikila ngozi ya aliyeushika. Nikaandika jedwali kubwa, nikalibandika karibu na pipa la kuchemshia: mchanganyiko huu, kostiki kiasi hiki. Kabla ya kumwaga kwenye fremu tulipima kwa tone la fenoftalini. Sabuni ikigeuka waridi, bado ni kali.

Mikono ilipona. Mama mmoja wa kitengo cha kufunga alinionyesha viganja vyake, akaniuliza, "Mwanangu, ulichosomea miaka yote ile ndicho hiki?"

"Ndicho hiki, mama," nikamjibu, na nilimaanisha. Mkono uliosoma bureti Kipawa ulifundishwa Mlimani, na mazoea ya kutoamini jibu la kwanza ni yaleyale.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema hakuna kinachopotea. Mlimani niliruhusiwa kutojua kwa miaka, nikilifuata swali moja popote liendako. Kiwandani jibu lilitakiwa kabla ya zamu ya jioni. Nililikumbuka sana swali langu. Mwaka 2001 nchi ilipoiondoa klorokwini katika nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria, kisha sera ya 2006 ikaleta dawa ya mseto, ambayo sehemu yake moja hutokana na mmea uliochunguzwa na wanasayansi wa China, nilifurahi kwa ajili ya watoto, na usiku mmoja nilitoa madaftari yangu ya Pugu nikayasoma yote. Wachina wale walipewa maabara na muda. Sisi tulikuwa na miti.

Hadi nilipostaafu, vijana wa Mlimani walikuja kuomba kazi kwangu, wengine wakiona aibu kusema wameacha utafiti. Sikuwauliza sababu. Niliwauliza walikuwa wakitafuta nini, na nikawaacha waeleze mpaka wamalize.